Jibu: Mawe meusi mazito kondeni, Tumbe

Ndugu yangu, umeuliza kama mawe meusi, mazito, yenye matundu uliyoyaona kondeni karibu na Tumbe ni ya volkano. Pemba haina volkano. Naamini hayo ni mavi ya chuma, taka inayobaki mawe ya chuma yakichomwa tanurini kwa makaa na mivukuto. Tumbe palikuwa na makazi makubwa tangu karne ya 7 hadi ya 10, na waliofukua pale walikuta mabaki ya uhunzi. Watu wanasahau kabisa kwamba wazee wetu walikuwa mafundi wa hali hiyo! Tafuta pia vipande vya mirija ya udongo, ncha zimeungua. Ndiyo iliyopeleka upepo motoni. Ila tafadhali usiviokote. Vikiondolewa vilipo, haijulikani tena tanuri lilikaa wapi. Piga picha, uwapelekee watu wa makumbusho, ngomeni Chake Chake.