Kisahani cha buluu

SWALI: Nimenunua pawasaplai ya mashine ya kiwandani kwa wauza vyuma chakavu Changamwe. Fyuzi hukatika papo hapo. Kando yake pana kisahani cha buluu kilichopasuka, kimeandikwa 14D471K. Ni kapasita? – Fundi, Mikindani

JIBU: La, ndugu, ingawa wengi hukosea hapo. Ni varista: kipenyo milimita 14, 471 ni 47 na sifuri moja, volti 470, K, asilimia 10 juu au chini. Humeza umeme unaoruka ghafla, ikichoka hushoti.

Chomoa plagi. Kapasita kubwa huweza kubaki na volti 340: imalize chaji kwa rezista ya omu 10,000, wati 5, kwa nusu dakika, kisha upime volti zilizobaki. Ing'oe varista, uipime omu: ikisoma karibu na sifuri, imekufa. Tia fyuzi mpya; ikikatika tena, kagua dayodi zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC.