Serikali inunue ratiba, si tiketi

Mmeuliza wiki hii: je, ni haki kodi ya wote ilipie ndege za mikoani wanazopanda wachache?

Kwangu ni haki, ila inategemea pesa hiyo inanunua nini. Ndege ya viti 19 inataka marubani wawili sawa na ya viti 180, na gharama zake zinagawanywa kwa vichwa vichache. Ikiachiwa soko, kampuni itaondoka tu. Marekani walilijua hilo: mwaka 1978, walipoziruhusu kampuni zijichagulie njia na nauli, waliweka papo hapo mpango wa kuilinda miji midogo, Essential Air Service, na mpaka leo wanaulipia.

Tazama Barra, kisiwa cha Uskoti. Uwanja wake ni ufuko wa bahari. Maji yakijaa, njia za kurukia zinazama, zinabaki nguzo za alama. Yakipwa, ndege kutoka Glasgow inatua juu ya mchanga uliolowa. Hata saa za safari zinapangwa kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji! Serikali ya Uskoti inailipia njia hiyo kwa mkataba, nami siwaonei kijicho watu wa Barra.

Nisichokipenda ni ruzuku inayobandikwa kwenye tiketi. Hispania, mkazi wa visiwa vya Kanari au Baleari hupunguziwa asilimia 75 ya nauli. Abiria anayelipa robo tu ya bei hashtuki sana bei ikipanda, na kampuni inalijua hilo. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. India nao, kwa mpango wao wa ndege za mikoani uitwao UDAN, waliwekea nauli kikomo kwenye sehemu ya viti na kuzifidia kampuni kwa miaka mitatu. Njia nyingi zilikufa kabla hata miaka hiyo haijaisha.

Mimi ningenunua ratiba. Mkataba useme: ndege iondoke alfajiri, irudi jioni, siku kadhaa kwa wiki, ili mgonjwa aonane na daktari bingwa na alale kwake. Kisha anayeomba ruzuku ndogo kuliko wenzake apewe zabuni. Norwei wanafanya karibu hivyo kwa viwanja vyao vifupi vya kaskazini.

Na pawe na mpaka. Marekani, kwa miaka mingi, mji ulio chini ya maili 210 kutoka uwanja mkubwa kwa kawaida haukutakiwa kuzidi dola 200 za ruzuku kwa abiria mmoja. Mji wenye barabara nzuri ya saa mbili ningeupa basi linaloondoka kwa wakati, tena lenye choo.