Patografu iliyojazwa baada ya kifo: nifanye nayo nini?

SWALI: Shikamoo Matroni. Mimi ni afisa muuguzi katika hospitali ya wilaya mkoani Kigoma. Nimekabidhiwa kuratibu kikao cha kupitia vifo vya wajawazito na watoto wachanga. Kifo cha kwanza tu kimenitoa jasho. Mama alifariki usiku kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Saa moja asubuhi niliona patografu yake, yaani chati ya kufuatilia uchungu, ikiwa tupu, mchana nikaikuta imejaa. Wodini tayari wamenibandika jina la "polisi". Nikisema nitamuumiza mwenzangu, nikinyamaza kikao kitajadili uongo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiichane hiyo chati, wala usimwambie mtu aifute. Toa nakala ya faili zima, halafu faili lenyewe lifungiwe kwa Muuguzi Mfawidhi. Kifo cha uzazi kinatolewa taarifa ndani ya saa 24, na faili lifungiwe siku hiyohiyo. Likilala wodini usiku wa pili, linaota maandishi.

Chati za namna hiyo nimeziona nyingi na zinafanana. Wino ni mmoja juu hadi chini. Mapigo ya moyo wa mtoto ni 140, 140, 142, 140 kila nusu saa. Mlango wa kizazi unafunguka sentimita 1 kila saa, umelala juu ya mstari wa tahadhari kama uliopigwa rula. Uchungu wa kweli hauna adabu hiyo.

Sasa mwite aliyekuwa zamu, mkae wawili, na usianze na chati. Muulize usiku ule alikuwa na akina mama wangapi, na nani mwingine alikuwa naye. Ukisikia alikuwa peke yake na wanne wenye uchungu, umeshapata jibu la chati tupu. Mkono mmoja haupimi mapigo ya watoto wanne kila nusu saa huku unampokea wa tano. Mwambie hivi: ile chati tupu ndiyo ingekuwa shahidi wake mbele ya Mganga Mfawidhi siku ya kuomba muuguzi wa pili wa usiku. Alipoijaza, alimfukuza shahidi wake mwenyewe. Anachokumbuka akiandike kama taarifa iliyochelewa, kwa tarehe na saa anayoandika, na sahihi yake. Kwenye muhtasari wa kikao andika kwamba chati ilijazwa baada ya tukio. Jina lisitajwe, kikao si baraza la nidhamu. Ukikutana na jambo la jinai, lina mlango wake, lisipitie kwako.

Ukishalitua hilo, rudi kwenye saa, maana kutokwa damu ni suala la dakika. Chukua karatasi ya manila, chora mstari, panga kila tukio na muda wake: kufika, kujifungua, sindano ya oksitosini ya kuzuia damu, daktari kuitwa, daktari kufika, damu kuombwa, damu kuning'inizwa. Hospitali moja niliyowahi kufanyia kazi, mstari huo ulituonyesha dakika 55 kati ya kuomba damu na kuipata. Chupa zilikuwepo. Funguo ya friji ilikuwa mfukoni mwa mtu aliyelala kwake. Kabla ya hapo sote tulikuwa tunamnong'ona mkunga.

Ndugu nao wahojiwe, baada ya pole na si siku ya msiba. Hapo angalia mtego wetu wa saa. Mume akisema walipanda boti saa mbili usiku, ni 20:00. Nimeona muuguzi ameandika 02:00, na saa sita za mama kuteseka ziwani zikapotea kwenye ripoti. Mama akitoka vijiji vya mwambao, habari yake inaanza kabla ya geti lenu: nani aliamua aondoke, boti ilipatikana lini, ziwa lilikuwaje, namba 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito ilipigwa au haikupigwa.

Mapendekezo ndiyo sehemu tunayoiharibu kuliko zote. "Watumishi wakumbushwe umuhimu wa patografu" nimeisoma hadi nimeikariri, na sijaona ikiokoa mtu. Sisi tuliandika: funguo ya pili ya friji ikae kwa muuguzi wa zamu wodi ya uzazi, mhusika msimamizi wa maabara, mwisho Ijumaa. Ijumaa jioni nilishuka mwenyewe kuitazama ikining'inia kwenye msumari. Kila kikao kifungue kwa mapendekezo ya kikao kilichopita, kipi kimefanyika na kipi bado, kabla ya kugusa faili jipya. Mganga Mfawidhi awepo, kwa sababu muuguzi wa pili wa usiku huwezi kumwajiri wewe.

Hilo la polisi litapungua wakishaona kikao kimewaletea kitu. Anza na huyo wa zamu ya usiku: kabla ya kikao mwonyeshe ulichoandika, akisome chote.