Re: Nimetia SDS imetokea unga mweupe, protini ndo imeharibika?

Habari mkuu. Umesema protini yako iko kwenye bafa (maji ya kushikilia pH isibadilike) ya potasiamu fosfeti, ukitia SDS (sodium dodecyl sulfate, sabuni ya maabara) unaona unga mweupe chini. Kabla hujaimwaga, tia SDS kwenye bafa tupu isiyo na protini. Weupe ukitokea tena basi ni potasiamu hiyo, inashikana na SDS inakuwa chumvi isiyoyeyuka vizuri, hamia sodiamu fosfeti, mimi ndo natumia siku zote. Na mchanganyiko wenye SDS usiuweke kwenye friji, baridi nayo inaigandisha SDS.

Sasa kuhusu umbo la protini, hapa ndo penyewe. SDS ina kichwa chenye chaji hasi na mkia unaokimbia maji, ikiwa kidogo inashika kwanza sehemu zenye chaji chanya na protini inaweza kubaki imejikunja vilevile, ila ukizidi kuongeza mikia inaingia mpaka ndani na protini inafunguka, mwisho inabeba kama gramu 1.4 za SDS kwa gramu 1 ya protini. Kwa hiyo usiangalie asilimia ya SDS peke yake, piga hesabu ya gramu za SDS kwa gramu za protini. Ukitaka umbo libaki jaribu Triton X-100, sabuni nyingine ya maabara, haina chaji na mara nyingi haiifungui protini. Tuambie bafa tupu imeonyesha nini.