Kiwavi aliyegeuka jiwe: "huyu" au "hiki"?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Biolojia hapa Kisumu. Naandaa mabango ya picha kabla ya kuwapeleka wanafunzi kisiwani Rusinga, Ziwa Viktoria. Chini ya picha moja nimeandika, "Kiwavi hiki kiliishi miaka milioni 18 iliyopita." Mwenzangu wa Kiswahili anasema ni "kiwavi huyu aliishi". Mimi namwambia hili ni jiwe, halina uhai. Pia nisaidie: "mkuyu na nyigu wanategemeana" ama "vinategemeana"?

JIBU: Mwalimu, hapo mwenzako amekushinda. Kiwavi, kama kipepeo, kiroboto na kiboko, ana umbo la KI-VI lakini upatanisho wake ni wa A-WA, kwa kuwa ni kiumbe. Kufa hakumtoi katika ngeli hiyo. Pale Dunga ngege akishakaangwa na kuwekwa sahanini bado ni "samaki huyu", wala hakuna anayeagiza "samaki hiki". Miaka milioni 18 ni mingi kuliko dakika kumi za kikaango, ila sarufi haihesabu muda.

Usichanganye na kidudu. Hicho ni udogo wa mdudu, na katika hali ya udogo tunafuata KI-VI: "kidudu hiki kimetoboa jani". Kiwavi si udogo wa kitu chochote.

Hata hivyo hoja yako ya jiwe ina uzito, na dawa yake ni kulitaja hilo jiwe kwa jina lake: "Kisukuku hiki ni cha kiwavi aliyeishi miaka milioni 18 iliyopita." Hapo kila nomino imepata haki yake. Kisukuku kilichimbwa, kikasafishwa, kikapigwa picha. Kiwavi alikula, akajivua ngozi, akafa. Nimewahi kusoma "kiwavi huyu ana umri wa miaka milioni 18". Upatanisho ni safi kabisa, lakini hakuna kiwavi aliyefikisha umri huo. Chenye umri huo ni kisukuku.

Jambo hili lina maana zaidi kwenye mabango yako kwa sababu mara nyingi mdudu mwenyewe hapatikani. Kinachobaki ni jani lenye ukingo uliogugunwa, tundu, kijia chembamba kilichochimbwa na buu ndani ya jani, au uvimbe ambao mmea uliufanya baada ya mdudu kutaga mayai. Wanasayansi huvisoma vitu hivyo kama ushahidi wa nani alimla nani. Basi usiandike "wadudu wamehifadhiwa kwenye jani hili" ikiwa hawamo. Andika "alama za wadudu zimehifadhiwa". Ukiweka wa- pale panapostahili zi-, umewaambia wanafunzi watafute mwili ambao haupo.

Visiwa vya Rusinga na Mfangano vina bahati: majivu ya volkano ya Kisingiri yalifunika mbegu, matunda na wadudu wenyewe. Mtafiti wa visukuku Louis Leakey aliandika kuhusu wadudu hao katika jarida la Nature mwaka 1952. Mwaka 1964 wanasayansi Wilson na Taylor wakaeleza kipande cha koloni ya wadudu aina ya chungu kutoka Mfangano, wafanyakazi pamoja na mabuu, wakampa chungu huyo jina Oecophylla leakeyi. Ndugu zake wa leo hushona majani mabichi kwa hariri ya mabuu yao ili kupata nyumba mtini. Watu wa pwani huwaita maji moto, na aliyewahi kupanda mwembe wenye kiota chao anajua kwa nini. Jina hilo ni mtihani mzuri darasani: "maji moto yamemwagika" ni ya kwenye sufuria, "maji moto wamemwagika" ni ya kukimbia. Kiambishi kimoja tu ndicho kinachotofautisha.

Sasa mkuyu na nyigu. Hili ni gumu zaidi, na vitabu havikubaliani sana. Mkuyu, japo unaishi, uko U-I. Kiswahili hakikuupa mmea nafasi katika A-WA. Nyigu yumo. Ukisema "wanategemeana" umeupandisha mti cheo. Ukisema "vinategemeana" umemshusha mdudu. Mimi sipendi lolote kati ya hayo. Kwa mazoea ya leo tumia hu-, ambayo haibebi ngeli yoyote: "Mkuyu na nyigu hutegemeana." Ukitaka kuonyesha uhusiano wenyewe, acha viambishi vya mtendwa vifanye kazi: "Nyigu huuchavusha mkuyu, nao mkuyu humlelea mabuu yake." Jike huingia ndani ya tunda akiwa na chavua, hutaga humo, na kizazi chake hutoka na chavua mpya kwenda mti mwingine.

Kwa wakati uliopita hu- haifai. Hapo tanguliza nomino moja, uifunge nyingine kwa "na": "Miti ya jamii ya mkuyu ilitegemeana na nyigu." Na hiyo si sentensi ya kubuni. Katika Kisiwa cha Wight, Uingereza, kumepatikana nyigu wa aina hiyo wa miaka ipatayo milioni 34, wakiwa na chavua katika vifuko vilivyo upande wa chini wa miili yao, kama walivyo wa leo. Angalia tu usiandike "nyigu vya miaka milioni 34" ukifikiria vifuko. Vifuko ni vyao, nyigu ni wale.

Bango lako la kwanza, basi, lisomeke: "Kisukuku cha kiwavi. Aliishi miaka milioni 18 iliyopita." Nukta inatosha, msomaji atajua nani aliishi.