Taa ya oili inawaka kwenye kona

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Subaru Impreza WRX, naikimbiza kwenye mashindano ya kukimbizana na saa. Kwenye kona ndefu taa ya oili inamulika, nikinyoosha inazima. Oili nimepima, ipo. Niendelee?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usikimbize hata mzunguko mmoja zaidi! Oili ipo, lakini kwenye kona inalalia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kupanda kuelekea silinda hedi, kifuniko cha silinda. Bomba la kufyonzea oili linavuta hewa. Taa hiyo huwaka presha ikiwa imeshakaribia kuisha.

Juzi nilifungua injini ya namna hiyo. Beringi za konrodi, ile mikono ya pistoni, zilikuwa zimekwanguka hadi rangi ya shaba, na chini ya sampu vumbi la chuma linameremeta.

Fungua sampu. Kagua bomba la kufyonzea pale lilipochomelewa. Kwenye injini za Subaru za aina ya EJ hupasuka, nimeyaona mengi. Funga vibati vya kuzuia oili isikimbilie pembeni, na geji ya presha. Jaza hadi alama ya juu ya dipstiki, usizidishe: kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, itaipiga iwe povu. Bado presha inashuka? Weka tangi la akiba linalosukuma oili presha ikipungua.