"Ni uzee tu": maneno yaliyotupotezea miaka miwili

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Baba yake anauliza swali moja mara nne kwa saa, na kaka zake wanasema, "Mwache mzee, ni umri tu." Nimelia, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Mama yangu ni fundi cherehani. Ada yangu yote ya shule ilitoka kwenye cherehani ile. Siku moja nilimkuta amekaa mbele yake, uzi mkononi. Akaupitisha kwenye tundu la kwanza, akasita, akauchomoa. "Mwanangu, huu unapita wapi?" Nikacheka, nikamwonyesha. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo. Kusahau ulipoweka miwani ni kawaida. Kusahau kazi uliyoifanya maisha yako yote si kawaida.

Nilipowaeleza ndugu zangu, nikaonekana namvunjia mama heshima. Wao walizungumza naye kwa simu dakika tano, na kwenye simu mama alikuwa hodari: anasalimia, anawaombea wajukuu, anakata. Mimi ninayelala naye nyumba moja ndiye nikaambiwa namzeesha. Miaka miwili ikapita hivyo.

Wewe uliyeniandikia, usibishane nao. Andika. Weka tarehe na tukio lenyewe: amelipa deni moja mara mbili, amepotea njia anayoijua. Daktari alinisikiliza kweli nilipofungua daftari. Na mpeleke mapema, kwani si kila usahaulifu ni dimensia, yaani maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa, sonona, hata baadhi ya dawa za usingizi huvuruga kumbukumbu, na hayo yanatibika. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usingoje miadi: huenda ni maambukizi, hata ya njia ya mkojo, au damu imevujia kichwani baada ya kuanguka.

Kwa mama, vipimo vya damu havikuonyesha kitu. Ni Alzheimer, aina ya dimensia ambayo haina dawa ya kuiponya. Lakini miaka miwili ile tungemuuliza anataka atunzwe vipi na nani, naye angetujibu mwenyewe. Sasa tunakisia.

Acheni kuuficha ugonjwa nyuma ya neno uzee! Na baba akiuliza tena, usimwambie "nimeshakujibu." Mjibu upya, kwa sauti ile ile. Kisha fungua daftari usiku huu huu, na tukio la kwanza liwe lile swali la mara nne.